Abiria wa Kiwanja cha Mchanga

Wanaosema Dubai haina mambo ya ajabu kwa sababu taa zake hazizimwi, waje waniulize mimi. Sikuhadithiwa. Sikuwa usingizini, sikuwa na homa, na kilevi sijawahi kukionja. Jua lilikuwa bado juu ya mabohari ya Al Qusais, na mikono yangu ilikuwa kwenye usukani. Ukitaka kucheka, cheka, nimeshazoea.

Mimi ni fundi magari, mtu wa Muheza. Gereji yetu ina Wapakistani, Wafilipino na Wahindi, watu wema wote, lakini Mswahili nilikuwa peke yangu. Unajua maana yake? Ni kuota ndoto usiku na asubuhi usipate wa kumsimulia. Chumbani tulilala wengi mpaka mmoja akigeuka kitanda cha juu kinalia, na bado nilikuwa mpweke. Mtu asikudanganye kwamba upweke ni kukosa watu.

Wakati huo mama yangu alikuwa mgonjwa. Dada yangu Mwanaidi ndiye aliyemuuguza, na kila akipiga simu alimalizia kwa neno moja, "Mama anakuulizia." Nikamwomba ruhusa arbab, tajiri wetu anayekaa Mirdif. Akasema, "Nimalizie gari langu kwanza. Likiwa tayari, inshallah, kesho yake unasafiri."

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani la zamani, boneti ndefu, injini inayonguruma mpaka vikombe vinatikisika. Nguvu lilikuwa nazo, lakini difu yake, ile inayogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, ilikuwa ya kizamani: tairi moja la nyuma likiteleza, ndilo linalopewa nguvu yote, na mwenzake anakaa bure kama mgeni wa harusi. Arbab alikwama mchangani mbele ya marafiki zake, akaona aibu. Basi nikalifungia difu nyingine, yenye klachi ndani, inayolazimisha matairi yote mawili kuvuta pamoja. Niliifunga vizuri, sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Sasa nisikilize, maana kisa kiko hapa. Difu ya namna ile ukishaifunga, hulikimbizi gari. Unalipeleka mahali peupe, unaliendesha polepole kwa kuchora nane ardhini, unakata kulia, unakata kushoto, tena na tena, mpaka oili ipenye katikati ya sahani za klachi. Ukifanya haraka zinaungua, na kazi yote imekwenda na maji. Ni kazi inayochosha roho. Unaendesha na hakuna unakokwenda.

Ijumaa niliyomaliza kuifunga, baada ya alasiri, nikalipeleka gari kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya mabohari, nikaanza. Nilikuwa na furaha, kwa nini nifiche? Nikimaliza nane zangu, kesho yake naondoka kwenda kumwona mama.

Kiwanja kilikuwa kitupu. Nikazunguka mara kadhaa, kisha nikamwona mtu amesimama pale katikati, nane inapokatana. Alivaa ovaroli la buluu lililopauka, mtu mzima, umri wa baba mdogo. Nikampungia mkono apishe. Nilipozunguka na kurudi, alikuwa ameshakaa kiti cha pembeni yangu.

"Asalaam aleikum," akasema. "Usisimame, ndugu yangu. Endelea na kazi yako."

Ungefanya nini wewe? Mimi, niamini, sikuogopa. Alisema Kiswahili, tena cha kwetu Tanga, kile cha taratibu, na nilikuwa sijakisikia uso kwa uso kwa muda mrefu mpaka macho yakaniuma. Nikajiambia ni mtu wa bohari la jirani, anataka kuonja gari la tajiri. Moyo ukitaka jambo hukosi sababu.

Nikamuuliza kwao wapi. "Huko huko kwenu," akanijibu. Nikamuuliza jina, akatabasamu. Basi nikazungumza mimi. Nilizungumza kama bomba lililopasuka: difu, arbab, joto, muhogo wa nazi wa mama, Mwanaidi na ubishi wake. Yeye aliweka mikono magotini akawa anaitikia tu, "Naam. Naam," na gari linakata kulia, linakata kushoto.

Nilipomaliza habari za mama, akainamisha kichwa. "Alikulea vizuri," akasema.

Simu yangu ilikuwa juu ya dashibodi. Ikaita, nikaona jina la Mwanaidi. Nikanyoosha mkono, naye akaifunika kwa kiganja chake.

"Maliza kwanza," akasema. "Simu haikimbii."

Vidole vyangu viligusa vyake. Havikuwa na joto wala baridi, katika gari lisilo na kipoza hewa, na nje kunachoma. Hapo ndipo ningeshtuka, au siyo? Sikushtuka. Nilikuwa na mtu wa kukaa naye, na sikutaka ashuke. Tukazunguka kimya, sote wawili, na kimya kile kilikuwa kizuri kuliko maneno yote niliyosikia mwaka ule.

Adhana ya magharibi ilipolia nikasimamisha gari, nikageuka nimwambie tukaswali. Kiti kilikuwa kitupu. Na mlango wa upande wake? Haukuwa na vitasa, ndani wala nje. Nilikuwa nimevitoa kwa mikono yangu mwenyewe, vimepelekwa kung'arishwa. Nikashuka nikatazama mchanga. Kulikuwa na michirizi ya matairi tu, nane juu ya nane, hakuna unyayo hata mmoja.

Mlinzi wa bohari, Mganda mmoja aitwaye Okello, akaja mbio kutoka getini kwake.

"Bosi, ulikuwa na mtu kwa hiyo gari?"

"Mzee mmoja wa kwetu. Amepita wapi?"

Akavua kofia. "Piga simu nyumbani."

"Kwa nini?"

"Wewe piga tu. Huyo mzee alikaa na mimi kwa geti siku baba yangu alikufa. Aliongea na mimi Kiacholi, kama mtu wa Gulu. Na mimi nilikuwa sijaambiwa bado."

Mwanaidi alipopokea, nilisikia vilio vya wanawake nyuma yake kabla hajasema neno. Mama alifariki alasiri ile.

Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Majirani hujaa, hata msiojuana vizuri, wanakaa nawe mkekani, na wengi wao hawasemi lolote. Wanakaa tu. Mimi Dubai sikuwa na wa kunikalia matanga. Wenzangu wa chumbani walinigusa bega wakaenda zamu. Yule mzee alikuja kukaa nami kabla sijajua kwamba nimefiwa.

Nilisafiri, nikakuta kaburi. Gari la arbab linavuta kwa matairi yote mawili mpaka leo, naye kila akiniona ananisifu. Nami nimerudi kazini, na kilichobaki moyoni si hofu. Ningetamani iwe hofu. Siku za Ijumaa natafuta kisingizio cha kupeleka gari kile kiwanja. Magari ambayo difu zake hazihitaji mzunguko wowote nayazungusha, kiti cha pembeni nimeshakipangusa. Namtafuta. Nina kiu ya kusikia ile "naam" yake. Kisha namkumbuka Mwanaidi na wanawe, nakumbuka kwamba mgeni yule haji mikono mitupu, nakanyaga mafuta natoka pale.

Kwa hiyo wewe uliye mbali na kwenu, sikuonyi usimpakie mtu usiyemjua. Yule atajipakia mwenyewe. Ninachokuonya ni hiki: tafuta binadamu wa kukaa naye, hata awe wa kugombana naye kila siku. Usifike nilipofika mimi, ukawa unamtamani yule mzee, na huku unajua vizuri anakuja kwa sababu gani.