Siku Niliyopata Chini ya Sifuri

Jumapili, Novemba 1995. Mvua nyepesi tangu asubuhi, mtaa wetu wote wa Ganshoren, huku ugenini, umenyamaza.

Naona haya kuandika, lakini nisipoandika mimi ataisimulia shemeji yangu Idi, na yeye huongeza chumvi.

Binti yetu Saida anamaliza shule mwakani, na mwalimu wake wa Kiingereza amemwambia kuna vyuo Amerika vinavyotoa bourse ya kulipia masomo, ila kwanza afanye mtihani wa kuingilia, na mitihani iko miwili, vyuo vinakubali wowote: mmoja wa maneno na hesabu, ambao ukikosea jibu wanakupunguzia robo alama, na mwingine wenye sayansi ndani, ambao ukikosea hawakufanyi kitu. Uwezo wetu ni wa mmoja tu. Mwalimu alimpa fomu moja ya kila mtihani, na itakayochaguliwa iende posta kesho, ndiyo siku ya mwisho.

Kwetu jambo la mtoto haliamuliwi na baba peke yake, kwa hiyo leo nilimwita dada yangu Ziada, shangazi yake, na Idi, mjomba wake, wakaja na watu wao, sebule ikajaa. Ziada alitaka ule wa sayansi ("Mutoto awe docteur, bon!"), Idi akataka ule wa hesabu, na mimi nisiyependa kumwonea mtu (nafua mashuka ya hospitali kule Woluwe, darasa la sita sikulimaliza) nikatangaza kwamba nitaijaribu yote miwili mwenyewe, maswali ishirini ishirini, tujue upi una huruma.

"Papa Saida, wewe na Kiingereza?" Ziada akauliza.

"Nitakisia."

Nikaanza na kitabu cha mazoezi cha ule wa hesabu. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyojaa viduara vyenye herufi, nikasema hii ndiyo ya majibu, nikachukua kalamu ya wino nikaviziba kimoja kimoja, ulimi nje, wageni wakinywa chai kimya kama wako msikitini. Idi akasahihisha kwa majibu ya nyuma ya kitabu. Mawili sawa, kumi na nane makosa. Akapiga hesabu, akarudia, miwani ikamshuka puani.

"Moins deux et demi, mbili na nusu chini ya sifuri! Shemeji, aliyelala nyumbani amekushinda!"

Watu walicheka hadi chai ikamwagika, na mimi pia (kwa haki, ilichekesha). Ziada akapiga vigelegele: "Donc nimeshinda, huu hauna huruma!" Saida peke yake hakucheka. Alikuwa ameishika ile karatasi.

"Papa, hii si ya majibu. Ni fomu yenyewe. Hapa ndipo pa jina langu."

Kumbe vile viduara ni vya kuandikia jina, herufi kwa herufi, na mimi nilikuwa nimemwandikisha mtu aitwaye ACBBDEA na kuendelea, kwa wino usiofutika. Fomu nyingine mwalimu hana.

"Alors, umebaki mmoja," Idi akasema taratibu, na niseme ukweli, hakunicheka tena.

Ndipo nikakumbuka. "Saida, wewe ulikuwa unataka upi?"

"Huo wa hesabu, papa," akaniambia, akiikunja ile karatasi. "Sayansi inanishinda."

Mimi mtu wa haki! Nilimwuliza shangazi, nikamwuliza mjomba, hata kitabu nilikiuliza, isipokuwa mwenye mtihani. Fomu ya pili ameijaza mwenyewe, kwa penseli, nami nimekaa mbali na meza. Tangu leo jambo likiwa la mtoto nitaanza na mtoto, na kalamu nitaiacha mfukoni.

Jioni tumekula ugali, samaki wa ndagala na mboga ya lengalenga. Saida alinipakulia mimi wa kwanza, akaniwekea ndagala wale wakubwa. Afadhali angeninunia.