Kampuni ya Bure ya Mama Kadidja

Mama Kadidja wa Keshero, mtaa wa Goma kule Kongo, alikuwa hamwamini mutu, na msimlaumu haraka. Duka lake la kwanza la vikwembe, vile vitenge vya kujifunga, pale katikati ya mji, lilimezwa na moto wa mlima wa Nyiragongo mwaka wa 2002, akabaki na ufunguo wa mlango usiokuwepo. Kabla ya hapo na baada ya hapo yakaja maasi, na kila kundi lililoingia Goma lilisema karatasi za kundi lililotoka hazina maana, lete pesa tukuandikie nyingine. Alilipa. Akalipa tena. Mwishowe akazoea kupima karatasi kwa maumivu: ile iliyomtoa jasho ndiyo iliyomkinga siku ya ukaguzi. Iliyotoka kirahisi aliiogopa kama nyama inayouzwa bei ya chini saa za jua kali.

Basi mlima ulipolipuka tena mwaka wa 2021, na ardhi ikawa haitulii, alikimbilia Gisenyi, Rwanda, ng'ambo ya mpaka, kwa Jamila, binti wa kaka yake aliyeolewa huko. Hapo ndipo alipokata shauri. Vikwembe vyake vyote vitalala ng'ambo hii, mbali na bunduki na mbali na njia ya moto. Vikwembe hivyo ndivyo vilikuwa uzee wake, maana mume alishafariki na mtoto hakujaliwa. Lakini kuweka duka katika nchi ya watu kulitaka kampuni.

"Shangazi, twende miye na weye," Jamila akamwambia. "Hiyo ni kazi ya asubuhi moja tu."

Ya asubuhi moja! Neno hilo lilimkaa vibaya tangu mwanzo. Ofisini, dada mmoja alipokea kitambulisho chake, akaandika kwenye kompyuta, akamwuliza maswali machache kwa adabu, akamkabidhi cheti.

"Ni ngapi?" Kadidja akauliza, mkono umeshaingia kiunoni alikofungia pesa.

"Kuandikisha ni bure, mama."

"Bure namna gani?"

"Bure tu, mama. Karibu sana."

Mungu wangu! Mwanamke aliyepita katikati ya maasi bila kutoa chozi, siku hiyo alitoka ofisini mbio bila kuaga. Serikali gani hiyo inayompa mgeni kampuni kama inayompa maji ya kunywa? Wamechukua jina lake, wamechukua anwani yake, na hawakutaka hata pesa ya fanta. Basi wanataka kitu kikubwa zaidi. Njiani akamtupia Jamila jicho la pembeni. Na huyu je? Amepoteza asubuhi yake, amelipa pikipiki, hakuomba kitu. Anatafuta nini?

"Jamila, wamekupa ngapi?"

"Nani, shangazi?"

"Wale wa ofisi. Ili uniingize mule."

Jamila alicheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani, alinyamaza mpaka nyumbani, na Kadidja akakihesabu kimya kile kuwa ushahidi. Kesho yake alifunga mizigo akarudi Goma, na simu za Jamila akaacha kuzipokea.

Sasa mwenye mashaka ya namna hii utadhani haibiwi. Thubutu! Pale mpakani alikutana na Cyprien, mzaliwa wa Katindo, mtaa mwingine wa Goma, aliyehamia Gisenyi, bwana wa tai na mkoba. Cyprien alisikiliza habari ya ofisi ya bure, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama, uko na haki ya kushuku. Ile ni mtego. Kampuni ya kweli iko na gharama."

Akazitaja: ya mwanasheria, ya mihuri, ya mkubwa wa mihuri, ya kufungua faili, ya kulifunga vizuri. Kila alipotaja moja Kadidja alipiga kelele, akagombana naye, akashusha bei, na kila alipotoa pesa moyo wake ukazidi kutulia. Huyu analipisha kama watu wa kwetu! Karatasi aliyoletewa iliandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua hata neno, lakini mihuri aliiona mingi, akaridhika, akatia sahihi. Ile ya bure akaichana.

Mwaka uliofuata waasi walifika Kibumba, karibu kabisa na Goma, mji mzima ukashikwa na hofu. Kadidja hakungoja. Alivusha marobota yake yote, mengine kwa wabebaji, mengine kwa baiskeli za walemavu wanaopitisha mizigo mpakani, na Cyprien akawa anayapokea upande wa pili na kuyaweka katika duka alilosema amemtafutia. Alipovuka mwenyewe, wa mwisho, alikuta duka lina kufuli jipya, na simu ya Cyprien haipatikani.

Alikimbilia polisi, nao wakamsomea karatasi yake taratibu, wakimfasiria. Duka ni la kampuni ya Cyprien, na kila robota litakaloingia humo yeye Kadidja amekubali kuwa ameliuza na amelipwa. Sahihi ni hii hapa.

"Lakini uko na kampuni yako, mama," polisi mmoja akamwambia baada ya kuulizia ofisini. "Ile ya mwaka jana. Ni nzima kabisa, iko kwa jina lako peke yako. Ni vile tu haina kitu ndani."

Alikaa kando ya barabara akalia kwa sauti, watu wakipita. Uzee wake wote ulikuwa nyuma ya kufuli lile. Kisha, kwa kuwa hakuwa na mlango mwingine, akaenda kwa Jamila.

Jamila alimvua viatu, akamletea maji ya kunawa, akaandaa bugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akaketi karibu naye.

"Kula, shangazi. Hapa ni kwako."

Kadidja alikuwa hajala tangu asubuhi. Akamega tonge, akalishika, akalitazama kwa muda, halafu akalirudisha kwenye sahani.

"Jamila, na hii utanilipisha ngapi?"

Binti aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kadidja alimsikia akilia mule ndani, na akakaa pale mbele ya chakula, akijiuliza kilio kile kinamtaka nini.