Kahawa Niliyompikia Mama Mkwe

Kwetu Mukurweini tumelima kahawa tangu enzi za babu zetu, lakini nyumbani tunakunywa chai. Kahawa tunaichuma, tunaipeleka kiwandani, basi. Mimi nilikuwa na ndoto ya kufungua mkahawa pale sokoni Gakindu, mahali mkulima angekaa chini aonje kazi ya mikono yake. Niliisimulia ndoto hiyo miaka mingi, harusini, matangani, hata kwenye foleni ya kupima kahawa. Niliisimulia vizuri, na hilo ndilo lililoniharibu, maana kila nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyetoka kazini.

Siku moja tulikuwa kwa wazazi wa mke wangu, upande wa Kangema. Baada ya kula nikaanza hadithi yangu. Binti yangu, aliyekuwa darasa la pili, akasimama katikati ya sebule akawa anasema pamoja nami, neno kwa neno, mikono ikipanda na kushuka kama yangu. "Na viti visiwe vya plastiki, na kila mkulima akiingia aitwe mheshimiwa..." Aliijua kama shairi la shule. Nilipokoma, yeye aliendelea hadi mwisho. Watu walicheka mpaka machozi. Mama mkwe peke yake hakucheka. Aliinamisha macho, kama mtu aliyekuta mwenzake hajavaa vizuri.

Tukirudi nyumbani, mke wangu alisema, "Usimgombeze mtoto. Hajakosa."

"Sijasema nitamgombeza."

"Basi fanya hiyo kitu, ama uiache. Mimi nimechoka kuisikia."

Wiki iliyofuata nilikodi chumba kilichokuwa cha kinyozi, nikakipaka rangi. Nilichukua kahawa iliyokaukia shambani, nikaitwanga kutoa maganda, nikaikaanga kwa sufuria juu ya jiko la makaa. Mara ya kwanza iliungua. Mara ya pili iliungua nje, ndani ikabaki mbichi. Ningengoja nijifunze, lakini nilikuwa nimeshatangaza kanisani kwamba nafungua Jumamosi. Nilitaka kuonekana nimefanya.

Jumamosi watu walikuja. Mama mkwe aliletwa na mwanawe, amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Alikuwa amechuma kahawa tangu akiwa msichana na hakuwahi kuionja hata siku moja. Niliona kumpa nyepesi ni kumdharau, kwa hiyo nikampikia nzito, nyeusi kama lami, nikamjazia kikombe kikubwa cha kunywea chai. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawataniani, wala hangeweza kunikatalia mbele ya watu. Alikunywa yote, polepole, uso umetulia.

"Mama, nikuongeze?" niliuliza, ili wengine wasikie.

Akanisogezea kikombe. "Ongeza."

Nikajaza tena.

Hakumaliza cha pili. Niliona mikono yake ikitetemeka, kikombe kikigongana na sahani. Akamwita mwanawe kwa sauti ndogo, "Moyo yangu inakimbia." Tulimpakia kwenye gari tukampeleka hospitali, na wageni wangu wote wakasimama barabarani wakitutazama.

Nesi aliuliza, "Amekula nini?"

Shemeji yangu akanigeukia. Mke wangu pia.

"Kahawa," nikasema.

"Kiasi gani?"

Nilimwonyesha ukubwa wa kikombe kwa mikono miwili. Nesi hakucheka mbele yetu. Alipopita nyuma ya pazia ndipo nilipomsikia akimweleza mwenzake, na wote wawili wakashindwa kujizuia. Mgonjwa alipewa maji, akaambiwa apumzike, na kufikia jioni alikuwa mzima kabisa. Mimi nilibaki kwenye benchi la nje. Sikuweza kuingia kumuaga.

Habari ilituwahi sokoni. Nilipokwenda kusaga mahindi, mwanamume mmoja alijishika kifua akapepesuka, na wenzake wakaangua kicheko. Nilifunga chumba. Walioniuliza niliwaambia paa linavuja. Kahawa yetu ilipokuwa tayari kupelekwa kiwandani, nilimtuma mke wangu.

Halafu siku moja ya soko mama mkwe alifika kwetu, bila taarifa, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Nilitoka nje nikasimama nimeinamisha kichwa, nikingoja kugombezwa.

"Twende ufungue ile mlango," akasema.

"Mama, nisamehe. Ile mambo nimeiacha."

"Nani amekuambia uache? Nimechuma hii kitu mpaka mgongo ikapinda. Sasa watu wananiuliza iko aje, na mimi niwaambie ilinishinda?" Akarekebisha kitambaa chake. "Weka kidogo tu. Na maziwa. Na usiniangalie nikikunywa."

Nilifungua. Nilimpikia kikombe kidogo, kisha nikageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Nilimsikia akipuliza, akionja, akionja tena.

"Imeungua," alisema. "Kesho punguza moto."

Nilipunguza. Ilinichukua muda mrefu kujua kukaanga, na kahawa nyingi iliyoungua niliimwaga nyuma ya chumba, wapita njia wakiniona. Siku hizi mlango uko wazi kila siku. Wateja wengi huagiza chai, nami nawapikia.

Juzi mchungaji aliniomba niongee na vijana kuhusu kutimiza ndoto. Nilisimama mbele yao nikaanza, na maneno yakaja yenyewe, matamu, mikono ikapanda. Waliinua vichwa. Mmoja alianza kuandika. Ndipo nikaisikia sauti yangu, ile ile ya zamani, na uso ukanichoma. Nilisema kahawa hukaangwa kwa moto mdogo na mkono usioacha kukoroga, nikakaa. Mchungaji alibaki amenitazama, hajui kama apige makofi.