Makartoni Tuliyoyashusha Botini

Asubuhi ile boti ya kwenda rasi ya Ubwari ilipakia mzigo wetu wa kwanza, makartoni kumi na mawili ya sabuni ya mawese. Tuliipika uani kwangu, hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, mimi na mwenzangu, mama mkimbizi kutoka Burundi. Kwa miaka miwili wenye maduka walitukataa. Walituonyesha sabuni ya kiwandani inayotoka ng'ambo ya ziwa ikiwa na karatasi ya kung'aa, wakasema wateja wanataka hiyo. Hatimaye mama mmoja mwenye duka Ubwari akakubali kutujaribu.

Niliporudi kutoka bandarini nilimkuta mwenzangu mlangoni, mikono ameinyoosha mbele. Alikuwa amefua kwa vipande vilivyobaki. Vidole vilikuwa vyekundu, ngozi imeanza kupasuka.

"Dada, hii sabuni iko inaunguza," akasema. "Soda ilizidi."

Nikagusisha kipande ulimini. Kikanichoma. Soda ya kupikia sabuni tuliyonunua safari ile ilikuwa kali kuliko ya zamani, nasi tulipima kwa kopo lile lile. Yeye alitaka tuijaribu kwanza. Mimi ndiye niliyesema hakuna muda.

Sitaficha: nilifikiria kunyamaza. Tukishusha mzigo, nani atatupa nafasi nyingine? Mwenzangu alinitazama.

"Kule bamama banaogesha batoto na sabuni hii hii ya kufulia," akasema.

Nikapanda pikipiki. Nilipofika bandarini, injini ilikuwa inanguruma na kamba imefunguliwa. Nikaingia majini hadi kiunoni, nikashika ukingo wa boti.

"Mama, unanichelewesha!" nahodha akafoka. "Makartoni yako iko chini kabisa!"

Abiria wakaanza kunung'unika. Wengine walinijua, walikuwa majirani. Sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Hii sabuni ni mbaya! Ni mimi niliipika. Itaunguza batu!"

Nahodha akaangalia ziwa, akaangalia abiria wake, akazima injini. Wanaume wawili wakaanza kuondoa magunia ya unga, na kartoni moja moja likapita mikononi mwao mpaka nchi kavu. Niliyahesabu mpaka la mwisho.

Nikampigia simu mwenye duka, nikamweleza.

"Basi nitachukua sabuni ya ng'ambo," akasema, akakata.

Tuliiyeyusha sabuni yote upya, tukaongeza mawese, tukaiacha ikauke. Safari hii mwenzangu ndiye aliyeamua lini iko tayari. Wiki nzima ya kazi hiyo hatukuzungumza sana. Nilimwomba msamaha siku ya tatu, akaitikia kwa kichwa tu, akaendelea kukoroga.

Mwezi ulipokwisha, simu ililia. Alikuwa yule mama mwenye duka wa Ubwari. Abiria walikuwa wamemsimulia.

"Nasikia ulipiga kelele mbele ya batu bote," akasema. "Leta makartoni mbili. Mbili tu."

Tulipeleka mawili. Akaagiza manne.