Kabla ya kununua nyumba, Musoki huingia jikoni

Mvua inanyesha mjini Bunia tangu alfajiri, na Musoki Hortense yuko njiani tayari. Makomisioneri wenzake, wanaotafutia watu nyumba za kununua, wamejibanza kwenye vibaraza vya maduka wakingoja ikatike. Yeye amevaa buti za plastiki na anaelekea mtaa wa Shari. Siku ya jua, anasema, hata nyumba inayovuja hukudanganya.

Nyuma yake anatembea Brigitte, muuguzi mwenye watoto wanne, aliyechoka kupanga. Nyumba wanayokwenda kuitazama amekwisha kuipenda.

Ndani, Musoki anaanza na pua. Anasimama katika chumba cha pembeni ambacho dirisha lake limefungwa, anavuta pumzi, anatafuta harufu ya ukungu. Kisha anapapasa ukuta chini kabisa, karibu na sakafu, mahali ambapo unyevu huanzia. Anagonga lipu kwa kidole. Ikitoa sauti ya debe tupu, basi imeachana na matofali. Ufa mwembamba kama unywele haumtishi; ule unaoshuka kama ngazi humtoa nje akatazame msingi. Halafu anasimama mvuani kuona maji ya majirani yanaelekea wapi.

Hapa yanapita mbali. Ukuta mkavu, mabati mazima. Brigitte ameanza kuonyesha kitanda kitakaa wapi, na Anaclet, muuzaji, anataka malipo ya kwanza leo hii.

Ndipo Musoki anapozunguka nyuma na kuingia jikoni. Mwanamke anasonga ugali. Anaclet anasema huyo ni mpangaji tu. Musoki anachuchumaa kando ya moto, anamsalimia, anamuuliza jina. Ni Adeline, mjane wa kaka yake Anaclet.

“Mama, unajua banauzisha hii nyumba?”

“Najua. Lakini hakuna mutu aliniuliza,” Adeline anajibu. “Matofali ya hapa, mi na bwana yangu tulichoma siye wenyewe.”

Musoki anaijua sauti hiyo. Alipohamia kutoka Butembo na mumewe Zacharie, walinunua nyumba kwa mtu aliyewaonyesha karatasi safi. Mwaka haukuisha, akaja dada wa muuzaji na watoto na magodoro yao. Nyumba waliachiwa na baba yao, dada huyo na muuzaji pamoja, na yeye hakuwa ameambiwa lolote. Muuzaji alikwisha kutoweka. Musoki na mumewe wakatoka. Zacharie alikuwa ameuza mashine yake ya kusaga unga ili wanunue. Mpaka leo wanapanga.

Basi siku ile ya mvua alirudi uani, akamwambia Brigitte mbele ya Anaclet: “Nyumba iko muzuri. Lakini usinunue.”

Anaclet aliahidi kumwongezea malipo yake. Musoki alipokataa, akamtishia kwamba hakuna muuzaji atakayemfungulia mlango tena. Kilichomuuma Musoki zaidi ni Brigitte, ambaye naye alikasirika. Mwenye nyumba wake alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi kuhama, na sasa anaambiwa aiache nyumba nzuri kwa sababu ya ugomvi wa familia isiyo yake. Waliachana bila kuagana.

Mwezi ule Musoki hakuingiza chochote. Hata hivyo alifuatana na Adeline mpaka kwa shefu, mkuu wa mtaa. Familia ikaitwa, kila mmoja akasikilizwa, na uuzaji ukasimamishwa. Adeline yumo nyumbani mwake.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, Brigitte alimngoja Musoki getini. Hakuomba radhi. Aliuliza tu: “Mama Musoki, kuko ingine?”

Ilikuwepo, ndogo zaidi, na mbao za paa zilikuwa zimeliwa na mchwa. Musoki alisimama imara mpaka muuzaji akakubali kuzibadilisha kwanza. Kisha akamkalisha pamoja na mkewe na watoto wao wakubwa, kila mmoja akaulizwa kama anakubali. Brigitte amekwisha kuhamia, na wauguzi wenzake wawili sasa humtafuta Musoki.

Yeye mwenyewe ameona nyumba ya kununua: vyumba viwili, dari hakuna, pembeni mwa Shari. Zacharie amekwisha kuchagua mahali pa mashine mpya ya kusaga. Mwenye nyumba yuko tayari, lakini binti yake anaishi mbali, eneo la Kilo, na hajafika. Kuna mnunuzi mwingine, na marafiki wanamhimiza Musoki aharakishe. Amewajibu kwamba atamngoja binti huyo aje, aseme kwa kinywa chake.

“Ikienda, iende,” anasema. “Nitatafuta ingine. Ile nitanunua, kusikuwe mutu wa kulia inje yake.”