Mtoto wa Shangazi

Juzi, kwenye zahanati moja mjini Musoma, nilimwona mama akijibonyeza chini ya kifua. Daktari alimwambia kwamba maumivu yanayokuja baada ya kula yanaweza kuwa vidonda vya tumbo, au mawe kwenye mfuko wa nyongo, ndiyo maana lazima apimwe. Nikamkumbuka shangazi yangu, ambaye mumewe alimrudisha kwetu Murangi kwa sababu hakuzaa.

Maduka yalikuwa matupu miaka ile nilipokuwa mdogo, na ugali wetu ulikuwa wa unga wa njano ulionuka gunia. Mchana mmoja baba alileta sato mnono. Shangazi alimkaanga, nyumba nzima ikanukia, lakini alikula matonge machache tu, akasukuma sahani na kuinama akijishika tumbo, jasho likimtoka.

“Humo kuna mtoto?” nilimuuliza.

“Nani kakwambia?”

“Mama alikuwaga anajishika hivyo kabla hajamzaa Magesa.”

Akatabasamu. “Basi usimwambie mtu.”

Tulishinda kivulini tukichagua majina. Akitaja moja nalikataa, naye anacheka huku mkono haubanduki tumboni.

Hakuna aliyempima. Alikunywa maji ya mwarobaini hadi masika, akazidi kukonda, tukamzika bila kujua alikuwa na nini. Siku ya mazishi nilimfuata kila mtu mzima nikimuuliza mtoto amebaki na nani, na hakuna aliyenielewa.