Panda Chochote, Ila Mti

Kiwanja cha Pangani hakikuwa changu. Mimi ni wa Kurui, Kisarawe, ila shamba la baba waligawana kaka zangu, mimi nikaambulia pole. Mwenye kiwanja hicho anaishi Dar. Aliniachia nilime ili kisionekane pori watu wakakivamia. Sharti ni lile la kila anayeazimwa ardhi huku kwetu: panda chochote, ila usipande mti. Ukipanda mti, kesho utasema ardhi ni yako.

Basi nikapanda mchicha. Mwanzoni udongo ulikuwa mchanga mtupu, maji ukimwaga hayakai. Kila msimu ukiisha nikavunja matuta, nikachanganya samadi ya wafugaji, nikafunika kwa majani makavu, nikaacha vioze. Mgongo wangu uliishia hapo. Miaka ikapita, udongo ukawa mweusi, ukiufumbata unashikana. Jamani, niliupenda udongo ule kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Mwaka huu, mvua hazijaanza, nipo kwenye matuta na jembe, jasho linaniingia machoni, mwenyewe akaja na fundi.

"Dada, pole na kazi. Sasa naanza kujenga."

Nikakaa palepale juu ya tuta. Sikulia, nguvu za kulia sikuwa nazo.

"Na mimi nitalima wapi, kaka?"

"Viwanja vipo vingi, dada."

Loo! Vipo, vya mchanga. Nikamwomba kitu kimoja tu, nichukue udongo wangu. Akamtazama fundi, wakacheka wote wawili.

"Udongo? Chukua, dada, si tutauchimba."

Nikajaza viroba mpaka mikono ikafa ganzi. Mwenye guta akanivutia hadi Tangini, mtaa wa jirani ninakopanga chumba, njia nzima ananitania, "Mama, umekosa cha kuhamisha?"

"Vuta, baba. Nimechoka."

Nyuma ya choo palikuwa na nafasi kidogo. Nikaumwaga, nikausawazisha, likatoka tuta moja. Miaka yangu yote, tuta moja. Hata hivyo nilifurahi, sitaki kusema uongo.

Mama mwenye nyumba akatoka amejifunga kanga, akainama, akaufumbata ule udongo.

"Mzuri huu," akasema. "Panda tu, mwanangu. Ila usije ukapanda mti."

"Ahsante, mama," nikamjibu, nikaenda kuteka maji.